Tanga na waajiri wake: kutoka mkonge wa Kikogwe hadi bomba la Chongoleani

Mwaka 1893 uliiletea Tanga waajiri wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni reli: Wajerumani walianza kulaza mataruma kutoka bandarini, nia yao ikiwa kufika milima ya Usambara na baadaye Kilimanjaro. Wa pili aliingia kimyakimya ndani ya masanduku. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ingawa asili ya mmea wenyewe ni Yucatán, nchini Mexico. Mingi ilifia safarini. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Reli haikwenda kwa kasi iliyotarajiwa. Kampuni iliyoianzisha iliishiwa fedha njiani, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuibeba. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Moshi mwaka 1911. Mkonge haukusubiri Moshi. Kila reli iliposogea, mashamba yaliifuata pembeni: Muheza, Ngomeni, Korogwe, Mazinde.

Leo jiji likitafuta ajira, humtafuta mwajiri. Enzi hizo mambo yalikuwa kinyume: mwajiri alikuwepo, tena mwenye haraka, na aliyekosekana ni mfanyakazi. Wenyeji wa Tanga, Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wazigua, walikuwa na minazi, mihogo na migomba yao. Hawakuona sababu ya kuamka alfajiri kukata majani yenye miiba kwa ujira wa kubabaisha. Ndipo walipoletwa manamba. Waliandikishwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji, wakasafirishwa kama shehena, kila mtu na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuandikisha watu, SILABU, ikawa jina linalojulikana hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona bahari.

Malipo yalikwenda kwa kipande. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi 30, na siku 30 za kazi zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42. Siku haikuhesabiwa mpaka mkataji amalize idadi ya matita aliyopangiwa. Asipoyamaliza, jasho la siku hiyo limekwenda bure. Ni vyema kukumbuka hili tunaposikia wazee wakisifu zama za mkonge. Sifa hizo ni za kweli kwa upande wa mji: bandari ilijaa robota za katani, maduka ya Ngamiani, kwenye barabara zake za namba, yaliuza nguo na baiskeli, na fedha ya mwisho wa mwezi ilizunguka mjini. Lakini kazi iliyoleta fedha hiyo ilikuwa kazi ambayo mwenye shamba lake hakuitaka.

Kilele kilifikiwa mwaka 1964. Tanganyika, iliyoungana na Zanzibar mwaka huohuo, ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, ikaongoza duniani, na watu zaidi ya 100,000 walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo nchini kote. Kisha bei ikaporomoka. Kamba za plastiki zilianza kufunga majani ya ng'ombe katika mashamba ya Ulaya na Marekani, na Brazil nayo ilikuwa imeingia sokoni kwa nguvu. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilitaifisha mashamba mengi. Wapo wanaosema utaifishaji ndio ulioua mkonge. Nadhani wanaupunguzia soko lawama zake. Bei ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya sheria kupitishwa, na shamba lisilolipa halilipi, awe analimiliki mlowezi wa Kigiriki au shirika la umma. Ni kweli pia kwamba usimamizi uliofuata haukusaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umebaki karibu tani 20,000.

Wakati huohuo reli nayo ilikuwa imeshapungukiwa. Tatizo lake lilianza zamani, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipojenga njia kutoka Voi hadi Kahe ili kuwafuata Wajerumani. Vita vilikwisha, njia ikabaki, na mzigo wa Kilimanjaro ukapata mlango wa pili: Mombasa. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, jambo jema kwa taifa, ila sasa mzigo uleule ungeweza kuteremka Dar es Salaam. Bandari ambayo zamani ilikuwa na kaskazini yote peke yake ikajikuta ikigombea na majirani wawili wakubwa.

Serikali ililiona pengo. Mpango wa Pili wa Maendeleo, 1969 hadi 1974, ulitaja miji tisa ya kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam, na Tanga ilikuwa mmojawapo. Vikaja viwanda vya maana. Kiwanda cha mbolea, kilichojengwa kwa ubia na Wajerumani wa Magharibi, kilifunguliwa mwaka 1972. Kiwanda cha chuma nacho kikaanza kazi katika kipindi hicho. Vijana waliomaliza shule wakapata ajira ya kudumu, yenye sare, basi la kampuni na likizo ya malipo. Kwa mara ya kwanza Tanga ilikuwa na kazi ambazo wenyeji wenyewe walizigombea.

Kasoro ilikuwa jikoni. Kiwanda cha mbolea kilipokea malighafi zake kuu kwa meli, na kiwanda cha chuma vilevile kilitegemea chuma ghafi cha kutoka nje. Ilimradi fedha za kigeni zipo, mitambo ilizunguka. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, kisha Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978, fedha hizo zikawa adimu, na mitambo ikaanza kusimama. Fosfati ya Minjingu, iliyoanza kuchimbwa nchini miaka ya 1980, ilikusudiwa kuliokoa jiko hilo, lakini ilichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha mbolea kilifungwa.

Linganisha na Pongwe, nje kidogo ya mji. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1980, katikati ya dhiki ileile, na saruji yake ya Simba ipo madukani hadi leo. Kimebinafsishwa, kimebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, lakini hakijahama, kwa sababu mawe ya chokaa yapo palepale chini ya miguu yake.

Mfano mwingine ni maziwa, na huu ndio unaonivutia zaidi. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, familia za mkoa huu zilianza kupewa mitamba ya maziwa kwa sharti la kurudisha ndama jike. Vikazaliwa vyama vya wafugaji, na vyama vikaunda chama kikuu cha ushirika. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, ushirika huo na wabia wa Kiholanzi walikuwa wameanzisha kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh. Walioajiriwa kiwandani si wengi sana. Nyuma yao, hata hivyo, wamo maelfu ya wafugaji wadogo wanaopeleka madumu kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, na hao hawamo katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote.

Halafu likaja bomba. Mwaka 2015 Uganda ilikuwa imeshaelewana na Kenya kwamba mafuta ya Hoima yangepita kaskazini hadi Lamu. Tanzania ikaingia na hesabu zake: tozo ya usafirishaji ya dola 12.20 kwa pipa, misamaha ya kodi, njia tulivu, na maji yenye kina huko Chongoleani, Tanga. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kuwa imeichagua Tanga. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la kilomita 1,443, ambalo kilomita 1,147 zake zimo ndani ya Tanzania. Bandari nayo ikatengewa shilingi bilioni 429. Meli kubwa zilizokuwa zikitia nanga mbali baharini na kushusha mizigo kwenye matishari sasa zinafunga gatini, kwenye kina cha mita 13.

Kwa ushindani wa kumvuta mwekezaji, huu ni ushindi mkubwa kuliko wowote ambao Tanga imeupata tangu uhuru. Bandari iliyochimbwa itaitumikia kaskazini nzima, iwe bomba lina mafuta au halina. Kwa ajira, nina shaka. Bomba huhitaji maelfu ya mikono wakati wa kulijenga, na wachache sana wakati wa kuliendesha. Mafuta ni ya Hoima, na mnunuzi yuko ng'ambo. Kwa hiyo madiwani wa jiji wasihesabu vibarua wa Chongoleani kama jibu la vijana wa Ngamiani. Kila mwenye mtaji atakayefika ofisini kwao kuomba kiwanja, wamwulize kabla ya kuzungumzia msamaha wa kodi: utanunua nini Muheza, Korogwe na Lushoto, na kwa miaka mingapi?