Miaka 100 bila Heaviside, aliyenyimwa ukurasa

Februari 3, 2025 ilitimia miaka 100 tangu Oliver Heaviside afariki Torquay, Uingereza. Wanafunzi wa umeme wanaopiga hesabu za saketi kila siku kwa njia aliyoifungua, wengi hawajapata kulisikia jina lake. Inauma.

Msingi wa hesabu hizo ulikuwepo kabla yake. Ohm alitoa kanuni yake mwaka 1827. Kirchhoff, akiwa bado mwanafunzi Königsberg, akatoa sheria zake za mikondo na volteji mwaka 1845. Ila kapasita na koili hutunza nishati, na hali yake haibadiliki ghafla. Hesabu ya kawaida haitoshi tena.

Paul Nahin, aliyeandika wasifu wa Heaviside mwaka 1988, anaeleza kwamba Heaviside aliacha shule akiwa na miaka 16, akawa mtuma simu za telegrafu, akajifundisha hesabu nyumbani. Kutafuta kasi ya badiliko alikuita p, kisha akaizidisha na kuigawanya p hiyo kama namba yoyote. Majibu yakatoka sahihi. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilimpokea mwaka 1891, ikachapisha sehemu mbili za makala yake kuhusu njia hiyo. Kwa desturi, makala ya mwanachama haikukaguliwa. Sehemu ya tatu, mwaka 1894, ilipelekwa kwa William Burnside, mwanahisabati mahiri, naye akashauri ikataliwe: uthibitisho haukutosha. Burnside alikuwa na hoja. Uthibitisho ulikuja kutolewa na mwanahisabati Bromwich mwaka 1916. Lakini kumvunjia desturi mtu aliyejisomesha mwenyewe, hiyo ilikuwa dhuluma. Vitabu vya baadaye vikaipa kazi ile jina la mwanahisabati Laplace.

Mwaka 1957 mhandisi Theodore Bashkow aliipanga upya hesabu ya saketi zenye kapasita na koili katika matriksi aliyoiita A, na mtafiti Bryant akaikamilisha mwaka 1962. Chukua rezista R, koili L na kapasita C zilizofuatana kwenye chanzo kimoja cha umeme. Hali za kufuatilia ni mbili tu: volteji ya kapasita na mkondo wa koili. Kasi ya volteji ni mkondo ukigawanywa kwa C. Kasi ya mkondo ni volteji ya chanzo, ukitoa ile ya rezista na ya kapasita, halafu ukagawanya kwa L. Ziandike kwa safu mbili, modeli imepatikana. Saketi ikiwa kubwa, unachora mti, yaani njia zinazounganisha nukta zote za saketi bila kufunga mzunguko, unaopita kwenye kapasita zote na kukwepa koili zote.

Tangu programu ya SPICE itoke Berkeley mwaka 1973, kompyuta ndiyo inayohangaika na hesabu za saketi. Heaviside amezikwa Paignton, jirani na Torquay, katika kaburi la wazazi wake.