Jasho la Mke Mbele ya Sheria: Kutoka Mwaka 1971 Hadi Shauri la Bi Hawa



Wapendwa waamini, juma hili tunalitazama jambo ambalo katika jumuiya zetu ndogondogo hunong'onwa zaidi kuliko linavyosemwa. Wanandoa wanapofika mahali pa kutengana, sheria ya nchi inasema nini juu ya mali na watoto? Wapo kina mama wanaoamini kwamba mke asiye na mshahara huondoka na nguo zake tu. Wapo pia wanaodhani kwamba Mkatoliki akipeleka shauri la ndoa mahakamani amekwisha kujitenga na Kanisa. Mawazo yote mawili si sahihi.

Kabla ya mwaka 1971 Tanzania Bara haikuwa na sheria moja ya ndoa. Wakristo waliofunga ndoa chini ya sheria iliyoachwa na Waingereza walipaswa kuthibitisha kosa, kama vile uzinzi, ili wapate talaka. Waislamu walifuata sheria ya dini yao, Wahindu ya kwao, na wengi waliosalia walifuata mila. Katika makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, watoto walikuwa wa upande uliotoa mahari, na mke alipoondoka swali la kwanza lilikuwa ni ng'ombe wangapi watarudishwa. Jasho lake la miaka mingi shambani halikuwa na mahali katika hesabu hiyo.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja, wananchi wakaujadili kwa ukali, hasa juu ya ndoa za wake wengi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia kuunda tume ya kuchunguza jambo hilohilo, lakini muswada wao ulikwama bungeni. Sisi tuliazima mengi kutoka katika kazi yao na tukaipitisha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971. Sheria hiyo iliitambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, lakini ilipofika kwenye kuachana iliweka kipimo kimoja kwa wote: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili na kutelekezwa vikabaki kuwa ushahidi tu wa kuvunjika huko.

Kifungu kilichozua ubishi mkubwa kilikuwa cha 114. Kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Neno hilo "kazi" ndilo lililowagawa majaji wa Mahakama Kuu. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa kawaida wa mke, si mchango. Wengine waliona kwamba mume hawezi kuchuma akiwa na akili tulivu bila mtu anayeilinda nyumba yake.

Ubishi huo ulifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri ambalo wanasheria wa nchi yetu hulitaja kwa jina la Bi Hawa. Mahakama ya chini ilikuwa imemnyima mama huyo sehemu ya nyumba kwa sababu alikuwa mke tu, na fedha zilizoinunua zilitoka kwa mume. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa hoja hiyo. Walisema kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mume au mke, na kwa hiyo kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali.

Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa maana mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, na kupotea kwa fedha hizo kukahesabiwa dhidi yake. Kushindwa kwake kuliwafungulia wengine mlango. Lakini tusidanganyane: hukumu ile haikusema "nusu kwa nusu". Kiasi cha mchango huthibitishwa kwa ushahidi, kwa hiyo stakabadhi, hati na mashahidi wana uzito wao.

Kuhusu watoto, sheria iliweka ustawi wa mtoto mbele ya madai ya wazazi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama, isipokuwa pawepo sababu za kuonyesha vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeendeleza mwelekeo huo. Mtoto akikaa kwa mama, baba hapoteze wajibu wa matunzo.

Yafaa tukae kidogo kwenye usuluhishi, maana hapo wengi hujikwaa. Kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la jumuiya lililoteuliwa na Waziri, nalo likathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kikao cha wazee wa jumuiya au cha wasimamizi wa ndoa ni chema sana, lakini hakigeuki kuwa Baraza kwa sababu tu kilianza kwa sala. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mwenendo mzima wa shauri kwa kukosa hati halali, na walalamikaji wakalazimika kuanza upya.

Na Kanisa je? Sheria ya Kanisa, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 1983, huruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha yeye au watoto, huku kifungo cha ndoa kikibaki. Katekisimu, katika namba 2383, husema kwamba talaka ya kiserikali yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili, ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki halali, malezi ya watoto au urithi. Hata pale Mahakama ya Kanisa inapotamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, hukumu hupaswa kuwakumbusha wahusika wajibu wao wa kimaadili na wa kiserikali, wao kwa wao na kwa watoto wao. Aliyeipokea hukumu hiyo mkononi bado anadaiwa chakula na karo ya watoto wake.