Mawe ya urani ya Shinkolobwe na watu wanaoyakusanya

Wadau, kuna watu wanakusanya mawe kama wengine wanavyokusanya stempu. Na ndani ya hao kuna kundi linalotaka mawe yenye mionzi tu. Wanaingia kwenye migodi iliyoachwa na mashine ya Geiger mkononi, ikianza kulia tik tik tik wanachimbua, wanaweka kwenye kiboksi, wanaandika jina na mahali lilipotoka. Mengine wanauziana.

Kwa hawa jamaa, jiwe la Shinkolobwe ni kama jezi aliyoivaa Pele mwenyewe. Mgodi huu uko Katanga, Kongo, karibu na Likasi. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp, halafu kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuchimba mwaka 1921. Walichokuwa wanatafuta wakati huo ni rediamu, urani hawakuwa na haja nayo sana. Mwaka 1940 bosi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakakaa kwenye ghala mpaka jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Mawe yale yalikuwa na urani kama asilimia 65, wakati ya kwingine hata asilimia 1 ilikuwa shida. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka hapo. Waliochimba ni Wakongo, na majina yao huyakuti popote. Hilo mimi linaniuma.

Kwa macho ni mawe mazuri mno, tusidanganyane. Uraniniti ni nyeusi na nzito kuliko unavyotegemea. Ikikutana na maji na hewa inazaa madini ya njano, ya chungwa na ya kijani. Shinkolobwe ndiko yalikotambuliwa mara ya kwanza bekereliti, sklodowskiti (jina la ukoo wa Marie Curie kabla hajaolewa) na kasoliti, iliyopewa jina la Kasolo palepale. Hata Bongo tumo: rutherfodini ilielezwa mwaka 1906 kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, enzi za Mjerumani. Nilisoma hadi form four na sikuwahi kuisikia darasani!

Sasa hatari yake. Miale ya alfa inazuiwa hata na karatasi, ndiyo maana watu wanajiamini. Lakini vumbi likiingia mapafuni au tumboni, hakuna karatasi huko ndani. Halafu mawe haya yanatoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ukiivuta miaka mingi inaleta kansa ya mapafu. Kwenye mgodi wa zamani usio na upepo gesi hiyo inajaa. Na mgodi wenyewe unaweza kukuangukia: Shinkolobwe serikali iliamuru ufungwe Januari 2004, vijana wakaendelea kuchimba kobalti, Julai mwaka huohuo ukaporomoka na kuua watu 8. Wale hawakuwa wakusanyaji. Walikuwa wanatafuta ugali.

Mkusanyaji anayejua kazi anavaa glavu, ananawa, halili wala havuti sigara karibu na mawe, na anayaweka kwenye chumba chenye hewa ambacho hakilali mtu. Kuyasafirisha pia kuna sheria zake, huwezi kutumbukiza tu posta.

Kwa hiyo mtu akikuletea jiwe jeusi, zito, lenye ukoko wa njano, akakwambia "kuna mzungu ananunua", usilivunje, usilisage, usiliweke uvunguni. Usililambe pia (msicheke, wajiolojia wanalamba mawe kweli). Kwa Tanzania wanaohusika ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na vipimo wanavyo.