Gombesa: Samaki Aliyekuwa na Jina Kabla ya Kutambuliwa

Katika somo la tafsiri huwa tunasisitiza kwamba kabla ya kuanza kazi, mfasiri ajiulize ni nani atakayeisoma matini yake. Mfano mmoja wa kihistoria ambao tumeuona unafaa kujadiliwa darasani unatoka katika Bahari ya Hindi, nao unahusu samaki.

Mnamo tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine ilikuwa imetia nanga katika bandari ya East London, Afrika Kusini. Nahodha wake, Hendrik Goosen, alikuwa na mazoea ya kumwita Bi. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aje kuchagua viumbe wasiojulikana kabla samaki hawajauzwa. Siku hiyo Bi. Marjorie aliona pezi la rangi ya buluu likichomoza katika lundo. Alipofukua akamkuta samaki wa urefu wa mita moja na nusu, uzito wa kilo 57 hivi, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu.

Hakumjua, na hakuna aliyemsaidia kwa haraka. Dereva wa teksi alikataa kwanza kumbeba kwa sababu ya harufu. Chumba cha maiti nacho kilikataa kumhifadhi. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho alimtazama akasema ni chewa tu. Hata hivyo, Bi. Marjorie alichora picha yake na kumwandikia J.L.B. Smith, mhadhiri wa Chuo cha Rhodes kilichoko Grahamstown. Barua ilimfikia Smith tarehe 3 Januari 1939, akiwa mapumzikoni Knysna. Alijibu kwa simu ya maandishi akiomba mifupa na matamvua yahifadhiwe, lakini tayari viungo vya ndani vilikuwa vimetupwa. Smith aliutambua mchoro ule kutokana na visukuku: samaki wa jamii hiyo walidhaniwa kuwa walitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Akampa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Bi. Marjorie na ya mto Chalumna, ambao samaki huyo alivuliwa karibu na mlango wake.

Kwa kuwa viungo vya ndani vilikuwa vimepotea, alihitajika samaki wa pili. Smith alichapisha vipeperushi vyenye picha ya samaki huyo, vikimwomba atakayempata asimkate wala asimsafishe, na vikiahidi zawadi ya pauni 100. Hapa ndipo penye hoja yetu. Vipeperushi viliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hizo zilikuwa lugha za serikali za kikoloni. Lugha walizozungumza wavuvi wa upwa huu walipokuwa wakivuta mishipi yao hazikuwemo.

Mwaka 1952, Bi. Margaret Smith, mke wa mtaalamu huyo, alimpatia vipeperushi Kapteni Eric Hunt huko Unguja. Hunt alikuwa akifanya biashara kati ya Unguja na Komoro kwa chombo chake kilichoitwa Nduwaro. (Wanafunzi wetu wengi wanajua sato na sangara wa ziwani. Nduwaro ni samaki wa baharini mwenye tanga mgongoni na pua ndefu kama mkuki.)

Usiku wa tarehe 20 Desemba mwaka huo, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Nzuwani, ambacho ramani za Kifaransa hukiita Anjouan, alimvua samaki mkubwa kwa mshipi. Kesho yake alimpeleka sokoni. Hapo mwalimu wa shule, Affane Mohamed, akamzuia asimkate, kwa kuwa alikuwa amekiona kile kipeperushi. Samaki akabebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu, alikokuwa Hunt. Hunt alimtia chumvi, kisha akamdunga fomalini, na kumpelekea Smith taarifa. Smith alimwomba ndege Waziri Mkuu D.F. Malan, mmoja wa wasimikaji wa siasa ya ubaguzi wa rangi, naye akaitoa. Tarehe 29 Desemba Smith alikuwa Mayotte mbele ya samaki.

Kwa ulimwengu wa wasomi hiyo ilikuwa habari kubwa. Kwa watu wa Nzuwani haikuwa ngeni kiasi hicho. Wavuvi wao walikuwa wakimpata samaki huyo mara mojamoja tangu zamani, nao walimwita gombesa. Smith, kwa kuona kwamba samaki huyu alikosa pezi la kwanza la mgongoni, alidhani ni aina nyingine akamwita Malania anjouanae, kwa jina la yule Waziri Mkuu. Baadaye ilibainika kuwa ni aina ileile ya mwaka 1938. Basi mtaalamu alikuwa na majina mawili kwa samaki mmoja, na wavuvi walikuwa na jina moja lililotosha. Ahamadi alilipwa zawadi yake, lakini jina lake halimo katika hayo ya kisayansi.

Tunajiuliza: kama kipeperushi kingeandikwa pia kwa Kiswahili na Kikomoro, na kusomwa kwa sauti magatini, je, miaka kumi na minne ingepita? Hatudai kwamba lugha ilikuwa kikwazo pekee, maana gombesa hukaa kwenye kina kirefu na hapatikani ovyo. Lakini ni dhahiri kwamba samaki wa pili aliokolewa na mwalimu aliyesimama kati ya karatasi na soko.

Baadaye samaki huyu alipatikana Malindi, Kenya, mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2003 katika pwani ya Tanzania, hasa Tanga, wakinaswa katika majarife ya kuvulia papa. Mwaka 2009 Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Jina lililoenea katika Kiswahili ni silikanti, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Sisi tungependelea gombesa, neno la jirani na la lugha ndugu, na tungefurahi kusikia maoni ya walimu wenzetu.