Ridhaa Kabla ya Kubofya: Hukumu ya Biliqo na Haki za Mwandishi wa Shajara ya Bure Mtandaoni

Wapo wanasheria na wabunifu wa programu wanaoshikilia kwamba mtu anayeandika shajara yake katika programu ya bure hana la kulalamikia. Alibofya "Nakubali", mkataba ukakamilika. Kama hakusoma masharti, hilo ni lake. Hakuna anayebisha kwamba watumiaji wengi hawasomi masharti hayo. Ubishi uko kwingine: ni nani abebe hasara inayotokana na kutosoma? Makala hii inasema abebe mwenye programu, na ushahidi wake mkuu unatoka mahali ambapo watafiti wa faragha ya mtandaoni hawajazoea kupatazama: Biliqo, eneo la wafugaji katika kaunti ndogo ya Merti, Isiolo.

Hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa iliendeshwa chini ya mwavuli wa shirika la uhifadhi la Northern Rangelands Trust, NRT. Ardhi yake iliingizwa pia katika mradi wa kaboni ya udongo wa kaskazini mwa Kenya, mradi ambao kampuni za Meta na Netflix zimetajwa miongoni mwa wanunuzi wa vyeti vyake vya kaboni. Mwaka 2021 wakazi walikwenda kortini. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi hiyo na jirani yake ya Cherab ziliundwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikaizuia NRT kuendesha shughuli zake humo.

Uzito wa hukumu hiyo kwa mjadala huu ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. NRT imekuwa ikisisitiza kwamba hifadhi zake zinaongozwa na wenyeji wenyewe, na ni kweli kwamba palikuwa na bodi, palikuwa na nyaraka, na palikuwa na fedha zilizoifikia jamii. Yote hayo hayakutosha. Swali kubwa katika kesi lilikuwa kama wenye ardhi walishirikishwa ipasavyo; kwa lugha ya mjadala huu, kama waliulizwa kabla, wakaelezwa wanachokitoa, wakawa na nafasi halisi ya kukataa. Saini haikuziba pengo la maelezo. Manufaa nayo hayakuhesabiwa kuwa ridhaa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasimama juu ya msingi uo huo. Inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinampa mtumiaji haki ya kuiondoa wakati wowote. Tena kinataka izingatiwe kama huduma ilifungwa kwa sharti la kutoa data isiyohitajika kwa huduma yenyewe. Kauli ya "asiposoma ni juu yake" haina pa kukaa hapo. Wala umbali si kinga, maana kifungu cha 4 kinawafikia hata walio nje ya nchi wanaoshughulikia data za watu walioko Kenya.

Kesi ya mradi wa Worldcoin imekwisha kuonyesha jinsi mahakama zinavyoisoma sheria hii. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi huo kwa ahadi ya sarafu za kidijitali. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa ridhaa halali.

Watapinga wengine kwamba ardhi ya Biliqo ni ya jamii, ilhali shajara ni ya mtu mmoja. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana. Tuchukue mfano wa kijana wa Biliqo anayeandika kila jioni katika simu: ataandika ugonjwa wa mama, deni la mjomba, mifugo ilikohamia, ugomvi wa majirani. Hao wote wamo, na hakuna hata mmoja aliyebofya chochote. Hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia mapatano na Flo, programu ambamo wanawake hurekodi hedhi zao, baada ya kuituhumu kupeleka taarifa za afya kwa kampuni nyingine, Facebook ikiwamo. Na mwaka 2017 LiveJournal, shajara ya mtandaoni iliyoanzia Marekani kisha ikanunuliwa na Warusi, iliweka masharti mapya ambayo ni maandishi ya Kirusi pekee yaliyokuwa na nguvu ya kisheria. Maelfu walioandika humo kwa Kiingereza walitakiwa kukubali matini wasiyoweza kuisoma.

Mtumiaji naye ana wajibu, na ni wajibu mzito. Sheria ya Ulinzi wa Data inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, lakini akichapisha ukurasa wenye siri ya jirani, kinga hiyo inaanza kumponyoka. Alinde nywila yake, asianike mtoto wa mwingine, na aweke nakala ya maandishi yake: Open Diary, iliyoanza mwaka 1998, ilifungwa mwaka 2014.

Hata hivyo wajibu huo una sharti lake. Miongoni mwa Waborana wa Isiolo, wazee wa dedha, taasisi ya jadi ya kusimamia malisho, hupanga malisho ya kiangazi na ya masika, na mfugaji hutii kwa sababu kanuni zinajadiliwa katika mikutano ambamo anaweza kusimama na kusema. Kampuni isiyompa mtumiaji nafasi ya kuelewa wala kukataa haiwezi kumdai utiifu wa namna hiyo.

Kwa hiyo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ingefaa kukataa kumsajili mwenye programu yoyote ya shajara ambayo masharti yake hayana muhtasari wa Kiswahili, na kwa maeneo kama Merti, maelezo ya sauti kwa Kiborana. Muhtasari huo utaje mambo matatu: nani anasoma kinachoandikwa, nani anauziwa, na kinafutwa lini baada ya mtumiaji kuomba. Mpaka hapo, mahakama ya Kenya ikiletewa sharti lililokubaliwa kwa kubofya tu, ina kila sababu ya kulichukulia kama lisilokuwepo.