Maji Kidogo

Sampuli yangu ya kwanza ya utafiti wa uzamili ilikatika kama kaukau. Nilikuwa nimeyeyusha punje za poliesta, nikatengeneza kipande, nikakibana kwenye mashine ya kuvuta. Tak! Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: "Punje ulizikausha?"

Sikuzikausha. Na maji ndiyo yaliyomtesa Wallace Carothers.

Mwaka 1920 mkemia Mjerumani, Hermann Staudinger, alidai kwamba mpira na vitu vya aina yake ni molekuli ndefu ajabu, minyororo ya maelfu ya atomi. Wenzake wengi walimpinga. Carothers, aliyejiunga na DuPont huko Marekani mwaka 1928, aliamua kuijenga minyororo hiyo pingili kwa pingili, kwa kuunganisha asidi na alkoholi. Kila kiungo kikifunga, molekuli ya maji hutoka. Yakibaki humo, maji hayo hurudi kuvivunja viungo. Uzito wa molekuli zake ukakwama karibu na 6,000.

Basi wakatumia chombo chenye ombwe kuyaondoa maji yote. Uzito ukafika 12,000. Mwaka 1930 msaidizi wake, Julian Hill, alichovya kijiti kwenye poliesta iliyoyeyuka, akakivuta, uzi ukafuata. Ulipopoa akauvuta tena, nao badala ya kukatika ukarefuka mara kadhaa, ukawa imara zaidi.

Wasimulizi hupenda jinsi Hill na wenzake walivyouvuta uzi ule koridoni. Mimi naona ushindi ulikuwa kwenye kile chombo. Minyororo mifupi huachiana upesi, kama tambi zilizokatwakatwa. Mirefu hunasana, ndiyo maana plastiki huvutika kabla ya kukatika. Ukakamavu ni habari nyingine: urefu ukishatosha, kuuongeza hakubadilishi sana. Kuvuta ndiko huukoleza, kwa kuwa huilaza minyororo upande mmoja.

Poliesta ile iliyeyuka kwa joto dogo mno, haikufaa nguo. Nailoni ikapatikana mwaka 1935. Carothers, aliyeandamwa na sonona miaka mingi, alijiua Aprili 1937, kabla ulimwengu haujatangaziwa.

Usiku ule punje zangu zililala kwenye tanuri. Kesho yake kipande kilianza kuvutika, kikapauka katikati, kikawa chembamba. Nilisimama mbele ya mashine nimeshika kalamu, nikasahau kuandika vipimo.