Saa za Ziada za Wazima Moto

Mtu apitaye mbele ya kituo cha zimamoto katika mji mdogo wa Marekani saa nane za usiku, akaona gari limetulia na watu wamelala, aweza kudhani kwamba mji huwalipa watu kulala. Dhana hiyo imewapotosha madiwani wengi. Mji haununui kazi ya mikono yao tu. Hununua kuwapo kwao.

Hapo mwanzo kuwapo huko hakukuwa na bei. Benjamin Franklin na wenzake walipounda chama cha kuzima moto Philadelphia mwaka 1736, walijitolea, na hata sasa wazima moto walio wengi wa nchi ile ni wa kujitolea. Mwaka 1853 Cincinnati iliweka kikosi cha watu wa mshahara. Baadaye ikazoeleka zamu ya saa 24 kazini na saa 48 nyumbani, ambayo wastani wake ni saa 56 kwa wiki.

Saa hizo ndizo zilizozua mashaka. Sheria ya ujira ya mwaka 1938 haikuwahusu watumishi wa miji. Bunge liliwaingiza wazima moto mwaka 1974. Mahakama Kuu Kabisa ikazuia mwaka 1976, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Kisha mwaka 1985, katika kesi ya Garcia na shirika la usafiri la San Antonio, ikaigeuza hukumu yake, tena kwa watano dhidi ya wanne. Jaji Harry Blackmun alikuwa miongoni mwa wale watano mara zote mbili. Simlaumu, walakini waweka hazina wa miji walilala na desturi, wakaamka na deni.

Kipimo ni saa 212 katika siku 28. Mwenye zamu ile hufanya wastani wa saa 224. Basi saa 12, zilipwazo mara moja na nusu, zimo ndani ya ratiba yenyewe, kabla mtu yeyote hajaugua. Vikosi vyenye watumishi wasiofika watano vilisamehewa. Mzigo ukawaelemea wenye kumi au ishirini.

Miji ililalamika, na mwaka huohuo wa 1985 Bunge likatoa nafuu: badala ya fedha, mtumishi aweza kupewa mapumziko, saa moja na nusu kwa kila saa ya ziada, naye aweza kulimbikiza hadi saa 480. Kwa karani hiyo ni nafuu kweli, kwa kuwa jalada lake litangoja hata Jumatatu. Kiti cha mzima moto hakingoji. Akipumzika mmoja, mwenziwe huitwa kutoka nyumbani kukijaza, naye huingia katika saa za ziada. Hivyo deni lililofichwa hurudi na mtoto mgongoni.

Kuajiri mtu mpya nako kuna mshahara, bima na malipo ya uzeeni. Vallejo, katika jimbo la California, mji mkubwa kuliko hiyo niliyoitaja, ilijitangaza muflisi mwaka 2008, mishahara na marupurupu ya polisi na zimamoto yakila takriban robo tatu ya mfuko wake mkuu. Ilipotoka katika ufilisi mwaka 2011, baadhi ya vituo vyake vya zimamoto vilikuwa vimefungwa, na moto wa mitaa ile ukawa wa kufuatwa kutoka mbali.